Kabla Korosho Haijafika Ghalani

*Mjadala kuhusu kazi, deni na wajibu wa kampuni katika Nachingwea na Ruangwa*

Ikifika Oktoba, barabara za Nachingwea na Ruangwa hujaa magunia. Korosho za Mnero, Lionja, Ruponda, Mbekenyera na Nkowe hupimwa kwenye vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, hupelekwa ghala kuu, kisha huingia mnadani chini ya RUNALI, chama kikuu cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Nyingi husafirishwa zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Huko hubanguliwa, halafu huendelea na safari hadi kwenye maduka ya Ulaya, Marekani na Australia.

Katika baadhi ya nchi hizo za mwisho wa safari, sheria zinazitaka kampuni kubwa zieleze zinafanya nini kuzuia utumwa wa kisasa katika shughuli zao na kwa wanaowauzia bidhaa. Hoja tunayoijadili inatokana na sheria hizo: *Kampuni inayonunua mazao au madini ya Nachingwea na Ruangwa iwajibike kwa hali ya kazi tangu shambani na mgodini, isianze kuhesabu wajibu wake mlangoni mwa ghala.*

Wasemaji nimewapanga mwenyewe, na hakuna aliye mtu mmoja halisi. AFISA anaisemea kampuni inayonunua. MZEE ni mkulima wa mikorosho. MAMA ni kibarua wa palizi na wa kuokota korosho. WAKILI anaijua sheria ya kazi. Kila mmoja nimempa hoja zenye nguvu zaidi za upande wake, kwa sababu jambo hili linagusa riziki ya watu na halistahili mshindi wa mezani.

Je, utumwa upo hapa?

MWANDISHI: Tuanze na wewe, mzee. Kampuni ya nje ikiuliza kama kuna utumwa katika korosho ya Nachingwea, unaijibu nini?

MZEE: Najibu kwa uchungu. Sisi ndio tuliotendwa. Misafara ya watumwa iliyotoka pande za Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje na Lindi ilipita nchi hii. Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya bara. Mwaka huohuo wamisionari wakaja Masasi na watu waliokombolewa, wakajenga kijiji. Akaja Mjerumani na pamba ya kulazimishwa, watu wa Umatumbi wakaanza vita mwaka 1905, na Agosti boma la Liwale likaanguka. Baada ya hapo babu zetu wakaenda manamba kwenye mkonge. Leo mtu mwenye ekari tatu za mikorosho, anayepalilia kwa mkono wake, aambiwe anatumikisha watu?

WAKILI: Uchungu wako una haki, mzee. Lakini historia hiyohiyo inatuonya. Misafara ile haikuendeshwa na wageni peke yao. Walikuwemo wakubwa wa huku waliouza watu wao, na wengine walianza kwa kuuza mtu aliyeshindwa kulipa deni. Kwa hiyo mtu kuwa mwenzetu hakutoshi kumsafisha, na mtu kuwa mgeni hakutoshi kumtia hatiani. Tutazame kazi yenyewe inavyofanyika.

MAMA: Shikamoo, baba.

MZEE: Marahaba, mwanangu.

MAMA: Sikuja kukushitaki. Nataka nieleze kazi ilivyo. Mimi na wenzangu tunafuata palizi kutoka mbali, wengine kutoka Newala na Tandahimba, wengine wanavuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Tunapatana kwa ekari. Tukimaliza tunaambiwa tusubiri hadi korosho ziuzwe. Huku tunasubiri tunakula, na unga, chumvi na sabuni vyote vinaandikwa kwenye daftari la mwenye shamba. Yeye anaandika, mimi sioni. Nikisema nataka kwenda nyumbani, najibiwa nilipe kwanza nilichokula, nisipolipa basi na fedha ya palizi imepotea. Hakuna aliyenifunga kamba. Lakini nikiondoka, jasho la miezi mitatu linabaki pale.

WAKILI: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 6, inakataza kazi ya kulazimishwa, na inaitaja wazi kazi ya kufungwa kwa deni. Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, ni wa mwaka 1930, na Tanganyika iliuridhia mwaka 1962, mara tu baada ya uhuru. ILO imeweka viashiria 11 vya kumsaidia mkaguzi kuitambua kazi ya kulazimishwa. Katika maelezo ya mama nimesikia vitatu: ujira kuzuiliwa, deni kumfunga mtu, na mwenye nguvu kutumia unyonge wa mwenzake. Kiashiria kimoja peke yake hakithibitishi kosa. Vikikutana, ni lazima tuulize: je, mtu huyu anaweza kuondoka leo bila kuadhibiwa?

AFISA: Mimi sibishi kwamba tatizo lipo duniani. ILO na washirika wake walikadiria mwaka 2022 kwamba watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi ya kulazimishwa, na wengi wao, milioni 17.3, walikuwa wakitumikishwa katika sekta binafsi, bila kuhesabu biashara ya ngono. Ninachokiogopa ni kumweka mzee mwenye ekari tatu katika kundi moja na mtu anayesafirisha wasichana kwa udanganyifu. Mkulima anayechelewa kulipa kwa sababu hata yeye hajalipwa ni maskini anayedaiwa na maskini mwenzake.

MAMA: Kwangu mimi njaa ni ileile, dada. Anayenicheleweshea awe na gari au awe na baiskeli, mtoto wangu analala vilevile.

Deni la Februari

MWANDISHI: Basi tulitafute deni lenyewe. Linaanzia wapi?

MZEE: Linaanza kabla mkorosho haujatoa hata ua. Fedha za mauzo ya Novemba na Desemba zikiisha, mtu anaingia Januari, Februari, Machi akiwa na shamba la kupalilia na ghala la mahindi tupu. Hapo ndipo kangomba, mnunuzi wa vichochoroni, anapobisha hodi. Haji na bunduki. Anakuja na fedha siku ambayo mtoto anaumwa au ada inadaiwa. Tuseme anakupa shilingi 60,000 Februari, ukampe kilo 100 za korosho mwezi wa kumi na moja. Korosho ikiuzwa shilingi 2,000 kwa kilo, umetoa 200,000. Unajua kabisa unaibiwa, na bado unamshukuru kwa sababu mtoto alitibiwa.

AFISA: Biashara ya kangomba imepigwa marufuku, na mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08 ulilenga kuwaondoa wanunuzi wa vichochoroni. Sisi tunanunua mnadani tu. Tukibebeshwa na kosa la kangomba, tutakuwa tumehukumiwa kwa biashara ambayo hatukuifanya.

WAKILI: Lakini korosho ya kangomba haina barabara yake. Inaingia ghala lilelile kwa jina la mkulima, inapimwa na karani yuleyule, inauzwa mnada uleule. Ndiyo maana mwaka 2018, Rais Magufuli alipoagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaenda kuzisomba, uhakiki wa mashamba ulifanyika kabla ya malipo. Serikali ilitaka kujua nani amelima na nani ameleta korosho za watu. Mnunuzi wa mnadani anaweza kuwa hajamwona kangomba hata siku moja, na bado magunia aliyoyalipia yakawa ni malipo ya mkopo wa Februari.

MZEE: Tena kuna lililo zito zaidi. Mtu anaweka mikorosho yake rehani. Anachukua fedha, anakabidhi miti kwa msimu mmoja, miwili, mitatu. Msimu ukifika huyohuyo anakuja kuomba kibarua cha kuokota chini ya miti aliyoipanda baba yake.

MWANDISHI: Je, hilo ni utumwa, wakili?

WAKILI: Rehani yenyewe ni mkataba mbaya, na mkataba mbaya bado si utumwa. Ukiongezwa sharti kwamba lazima yeye na mkewe wapalilie bure mpaka deni liishe, na deni linaandikwa na mdai peke yake, hapo kifungu cha 6 kimeguswa. Na hata pasipo sharti hilo, deni la mkulima linasukuma shida kwenda chini. Mkulima aliyeuza mavuno yake Februari kwa bei ya kutupa hana fedha ya kumlipa kibarua Novemba.

MAMA: Deni lake linageuka kuwa kifungo changu. Yeye anamsubiri mnunuzi, mimi namsubiri yeye, na nyuma yangu hakuna wa kunisubiri mimi.

MZEE: Hapo sina la kubisha. Lakini nanyi msisahau kwamba kangomba ndiye anayekopesha. Benki inataka hati ya nyumba. Dawa ya deni kulipa, sawa, lakini dawa ya njaa ya Februari ni nini? Mkimfukuza kangomba bila kuweka mtu wa kukopesha kwa haki, atarudi usiku.

Mnunuzi anaweza kujua?

MWANDISHI: Tuje kwako, afisa. Kampuni nyingi husema mnyororo ni mrefu mno, haziwezi kujua kinachotokea shambani. Ni kweli?

AFISA: Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Mnadani naona ghala, uzito, daraja na AMCOS iliyoleta. Shehena moja imechanganya korosho za mamia ya wakulima. Minada sasa inaendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania. Naweza kununua bila kukanyaga Nachingwea. Nikitaka kumchagua mkulima mwenye kulipa vibarua vizuri, mnada haunipi nafasi hiyo. Umejengwa uwalinde wakulima dhidi ya wanunuzi wajanja, na gharama yake ni hiyo.

WAKILI: Unachokisema juu ya mnada ni sahihi, lakini umeruka hatua moja. AMCOS ina daftari la kila mkulima: jina, kilo, akaunti ya benki. Bodi ya Korosho inasajili wakulima. Uhakiki wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kutoka kwenye gunia kurudi shambani inawezekana, ingawa ulifanywa kwa haraka na wakulima wengi wakaumia kwa kusubiri fedha. Kwa hiyo taarifa ya mkulima ipo. Asiye na jina katika mnyororo wote ni kibarua. Haandikwi na AMCOS, haandikwi na ghala, haandikwi na mnada. Ukitaka kumtafuta mtu aliye katika hatari, mtafute asiyeandikwa popote.

AFISA: Hilo nakubali. Katika ukaguzi wetu tunahoji viongozi wa ushirika, tunaona ghala, tunapiga picha za mizani. Sikumbuki fomu yoyote iliyokuwa na mstari wa kibarua wa palizi.

MWANDISHI: Na migodi ya kinywe, yaani grafiti, ya Ruangwa?

WAKILI: Mgodi una uzio na lango, kwa hiyo ajira ya moja kwa moja inaonekana kuliko ya shambani. Kinywe kinatengeneza sehemu ya betri za magari ya umeme, na wanunuzi wa betri wanauliza maswali makali. Hatari kwenye mgodi wowote hujificha kwa wakandarasi: wapishi, walinzi, wasafishaji, madereva, na vijana wanaoletwa na mawakala. Kanuni ya ILO ni kwamba mtafuta kazi asitozwe ada ya kupewa kazi. Kijana aliyekopa ili ampe wakala chochote anaingia kazini akiwa tayari ana deni, na mwenye deni hathubutu kulalamika. Mgodi ukitaka kujua hali yake, uanze na swali dogo kwa kila aliyeletwa na mkandarasi: ulimlipa nani ili ufike hapa?

Sheria za mbali

MWANDISHI: Sheria za nje zinasaidia?

WAKILI: Zinasaidia kwa viwango tofauti. Uingereza ilitunga Sheria ya Utumwa wa Kisasa mwaka 2015. Kifungu cha 54 kinaitaka kampuni yenye mapato ya pauni milioni 36 au zaidi kwa mwaka itoe tamko, lipitishwe na bodi na lisainiwe na mkurugenzi. Lakini kifungu hichohicho kinaruhusu kampuni itamke kwamba haijachukua hatua yoyote, na ikawa imetimiza sheria. Australia ilifuata mwaka 2018, kwa kampuni zenye mapato ya dola milioni 100 za nchi hiyo, kwa hiyo kampuni ndogo ya madini inaweza kuchimba Afrika bila kuguswa na sharti hilo. Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake iliyoanza kutumika Januari 2023 inataka kampuni kubwa zitathmini hatari, ziwe na njia ya kupokea malalamiko, na inaweka faini. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni ya kuzuia sokoni bidhaa zilizotokana na kazi ya kulazimishwa, na itaanza kutumika Desemba 2027.

MZEE: Mimi nasikia majina ya miji mikubwa, na kumbukumbu inanirudisha kwenye karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Nachingwea na mpango mkubwa wa karanga, sawa na Kongwa na Urambo. Walileta matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli mpaka huku. Kila kitu kilikuwa kimehesabiwa London. Udongo na mvua havikusoma hesabu zile, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha. Naogopa tamko la kampuni litakuwa hivyohivyo: limeandikwa vizuri na mtu asiyejua sisi tunalala njaa mwezi gani.

AFISA: Na mimi naongeza hofu ya upande wangu, mzee wangu. Sheria ikizidi ukali, kampuni haitakuja kurekebisha. Itaondoka. Meneja wa ununuzi akiambiwa korosho ya mahali fulani ina hatari, atanunua ya Côte d'Ivoire au ya Msumbiji na kuandika kwamba hatari imepungua. Bei ya hapa itashuka. Atakayeumia wa kwanza ni mama huyu.

MAMA: Kwa hiyo mkiona ninaonewa mtanikimbia?

AFISA: Nasema ndivyo inavyotokea, dada yangu. Sisemi ni haki.

WAKILI: Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, iliyoidhinishwa mwaka 2011, inaitaka kampuni itumie kwanza nguvu yake ya kibiashara kurekebisha madhara. Kuondoka ni hatua ya mwisho, na hata hapo ni lazima ipime nani ataumia. Naomba pia tusisahau kwamba mnyororo una upande wa pili. Mwaka 2011 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu vituo vya kuwazuilia watumiaji wa dawa za kulevya kusini mwa Vietnam. Watu waliwekwa humo bila kufikishwa mahakamani wakalazimishwa kufanya kazi, na kubangua korosho ilikuwa mojawapo. Sisemi korosho ya mzee ilifika kule. Nasema gunia likishavuka bahari, mkulima wa Ruponda hana njia ya kujua linabanguliwa na nani. Anayejua, au anayeweza kujua, ni kampuni peke yake.

MZEE: Basi tubangue hapahapa. Nachingwea ilijengewa kiwanda, na Kusini vilijengwa vingine vingi. Tungekuwa tunabangua wenyewe, safari hiyo yote isingekuwepo.

MAMA: Tubangue, lakini msidhani kubangua nyumbani kunatosha. Mafuta ya ganda la korosho yanachubua ngozi. Mwanamke asiyepewa glavu, anayelipwa kwa kilo, ataungua Nachingwea sawasawa na atakavyoungua Vietnam.

Watoto wa msimu

MWANDISHI: Tumezungumza habari za watu wazima. Watoto je?

MZEE: Mtoto wangu akiokota korosho na mama yake jioni, anajifunza kazi. Hilo msiliite utumwa.

WAKILI: Sheria hailiiti hivyo, mzee. Mtoto wa miaka 14 na kuendelea anaruhusiwa kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumwondoa shuleni. Chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa, na kazi ya hatari hairuhusiwi kwa yeyote chini ya miaka 18. Tanzania iliridhia Mkataba wa ILO Namba 138 mwaka 1998 na Namba 182 mwaka 2001. Kupulizia mikorosho dawa ya salfa ni kazi ya mtu mzima mwenye kinga ya mdomo na macho. Mtoto anayeandamana na vibarua kutoka wilaya nyingine, aliyeacha darasa Oktoba na hatarudi mpaka Januari, ameshavuka mpaka wa kumsaidia mama.

MAMA: Wangu wawili niliwachukua kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Ningelipwa kila wiki, ningewalipia chakula kwa dada yangu wakasoma.

Nani alipe?

MWANDISHI: Tumebakiwa na swali gumu. Afisa, kampuni iko tayari kulipia nini?

AFISA: Nikijibu kwa uaminifu, kampuni hulipa haraka pale inapoona faida au adhabu. Ukaguzi una gharama, na gharama hiyo mwishowe hushushwa kwenye bei ya mkulima. Kama mnataka tuwajibike tangu shambani, tuwekeeni utaratibu ambao mshindani wangu naye atabanwa nao. Nikifanya peke yangu nitashindwa mnadani na mtu asiyejali.

WAKILI: Ombi hilo ni la haki. Sharti likiingizwa kwenye masharti ya mnada, linambana kila mnunuzi sawa. Na serikali nayo isijifiche nyuma ya kampuni. Afisa kazi wa mkoa hawezi kufika kila shamba la ekari tatu. Vyama vya wafanyakazi vimezoea mashamba makubwa na viwanda. Kibarua wa palizi ameachwa na wote.

MZEE: Mimi nataka fedha Februari kwa riba ya kibinadamu, kupitia chama chetu, na mauzo yalipwe kwa wakati. Serikali imegawa salfa bila malipo katika misimu ya karibuni, na deni moja likatuondokea. Tuondoleeni na la pili. Nikipata hayo na bado nikamcheleweshea mama huyu, niitwe mbele ya kijiji.

MAMA: Mimi nataka jina langu liandikwe. Nimepalilia ekari ngapi, kwa bei gani, nimekula nini, na mimi nibaki na nakala. Na nikiwa na shida nimpigie mtu asiye mwenye shamba wala ndugu yake.

Msimamo wangu

Naiunga mkono hoja. Wajibu wa kampuni uanze shambani na mgodini. Kampuni inayopata faida kutokana na jasho la palizi haiwezi kusema palizi si shughuli yake, na maelezo kwamba haiwezi kujua yamedhoofishwa na madaftari ya AMCOS pamoja na uhakiki wa mwaka 2018. Hofu ya afisa kwamba wanunuzi watakimbia ni ya kweli, na jibu lake ni kuwabana wote kwa kanuni moja ya mnada, na kuhesabu kukimbia kuwa kushindwa wajibu.

Hata hivyo mjadala huu umenionyesha kwamba wajibu huo hauwezi kutimizwa kwa ukaguzi wa Novemba. Mkaguzi anayefika wakati magunia yamejaa atakuta watu wana fedha mkononi au wana matumaini ya kuipata kesho. Vifungo vilikwisha kufungwa miezi tisa kabla, kwenye daftari la kangomba na kwenye daftari la chakula la mwenye shamba. Utumwa wa kisasa katika zao hili unazuiwa msimu wa njaa, na unazuiwa kwa fedha na maandishi.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na ninayadai kwa kampuni, ushirika na serikali kwa pamoja. Kwanza, wanunuzi wa mnadani wachangie mfuko wa mikopo ya Januari hadi Aprili, uendeshwe na vyama vya ushirika chini ya usimamizi wa wazi, ili mkulima asilazimike kuuza ua la mkorosho. Pili, kila AMCOS iwe na daftari la vibarua sambamba na daftari la wakulima. Mkulima akubali mapema sehemu ya mauzo yake iende moja kwa moja kwa kibarua aliyeandikwa, siku ileile anayolipwa yeye, na kibarua awe na nakala yake. Tatu, iwepo namba ya simu ya malalamiko, kwa Kiswahili na kwa lugha za vibarua wenyewe, inayopokelewa na mtu asiye chini ya mnunuzi wala mwenye shamba. Migodi ya Ruangwa iwe na namba hiyohiyo kwa watu wa wakandarasi. Nne, kampuni inayogundua tatizo ibaki, ilipe kilichozuiliwa, na iandike hadharani ilichokikuta na ilichokifanya.

Kuna watakaosema hayo ni mengi mno kwa zao la wakulima wadogo. Mimi naona ni machache kwa nchi iliyopitiwa na misafara ya Kilwa, pamba ya Mjerumani na manamba ya mkonge. Katika zama zote hizo walikuwepo watu waliofaidi kazi bila kutaka kuiona inafanyikaje. Kampuni itakayotaka kusema kweli katika tamko lake la mwaka, na ianze kwa kueleza ilifanya nini Nachingwea mwezi Februari.